Kodi Huku, Kokoto Huko

Leicester, Uingereza

Mbukwenyi wapendwa wangu wa Ntyuka, Dodoma,

Hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu; mimi ni mzima, ila kodi. Naandika barua kama watu wa zamani kwa sababu sauti ninazotuma kwenye kundi la familia najua mnaziruka mpaka panapotajwa hela. Barua haina pa kuruka. Someni yote, hela nimeificha katikati.

Dhumuni hasa ni kumjibu shangazi, aliyeuliza mbele ya ukoo mzima inakuwaje mtu anaishi Ulaya anashindwa kumalizia nyumba ya vyumba vitatu kule Nala. Shangazi, shikamoo. Swali lako limefika.

Nianze na hapa ninapolala. Nimepanga chumba. Si nyumba, ni chumba, kwenye nyumba ya watu sita wenye jiko moja na bafu moja. Ni uswahilini kabisa, isipokuwa hakuna uwanja wa kuanikia nguo na hakuna anayekuuliza umeamkaje. Kwenye friji kila mtu ana rafu yake yenye jina. Maziwa yangu yana jina langu, na bado yanapungua. Chumba hicho ni pauni 500 kwa mwezi, umeme na maji humohumo, yaani zaidi ya milioni moja na nusu za kwetu. Najua hapo mmeshaanza kugawanya kwa bei ya mfuko wa saruji. Na mimi huwa nagawanya, kila tarehe mosi, naishia njiani.

Kukipata ilikuwa kazi. Huko kwetu dalali anataka hela ya kukuzungusha, halafu kodi ya mwezi mzima kwa ajili yake, halafu mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, ukibahatika. Hapa wakala haruhusiwi kumtoza mpangaji hela ya kuonyeshwa nyumba. Sheria ilipita mwaka 2019. Amana nayo, kwa sisi wa kawaida, haizidi kodi ya wiki tano, na mwenye nyumba lazima ndani ya siku 30 aiweke kwenye mpango unaotambuliwa na serikali. Mdogo wangu aliposikia hayo alisema Wazungu wana utu. Subiri kwanza. Hela hawaitaki, wanataka maisha yako. Walitaka hati za mshahara, taarifa za benki, barua ya mwajiri, barua ya mwenye nyumba wa zamani. Wakataka na ushahidi wa uhamiaji kwamba ninaruhusiwa kupanga, maana tangu 2016 mwenye nyumba wa hapa England amegeuzwa askari wa mpakani: asipokukagua, faini anapigwa yeye. Mwisho wakataka mdhamini, na mdhamini mwenyewe awe na nyumba yake hukuhuku Uingereza. Nikauliza kama barua ya mwenyekiti wa mtaa, yenye muhuri, ingefaa. Binti wa ofisini akaandika kitu kwenye kompyuta yake, na nyumba ile sikuisikia tena.

Hii niliyoipata nimeletewa na historia. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, halmashauri ya mji huu ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije Leicester, mji umejaa. Wakaja kwa maelfu. Wapo wanaosema tangazo lile ndilo lililowafahamisha kwamba kuna mji unaitwa Leicester. Ndiyo maana leo nikiwa Belgrave Road nakula mihogo ya kukaanga, na muuzaji anaihesabu kwa Kiswahili.

Sasa mwenye nyumba wangu hakutoka Uganda. Katoka Dodoma! Mzee wa Kihindi, kazaliwa pale mjini, na Kiswahili chake hakijapata baridi hata kidogo. Nilipomtajia Ntyuka akaniuliza, "Bado mnalima uwele?" Hapohapo nikajua chumba nimepata, na nikajua pia kodi haitapungua hata kwa pauni moja. Baba yake alikuwa na jengo la ghorofa, duka chini, wapangaji juu. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo: jengo la kupangisha lenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi linakuwa la serikali, chini ya Msajili wa Majumba. Familia ikafunga mizigo. Nikichelewesha kodi siku moja tu, ananiambia kwa upole, "Serikali yako ilichukua ghorofa zima la baba yangu. Mimi nachukua pauni mia tano tu." Hoja hiyo sina pa kuipeleka. Baba, mwaka ule ulikuwa mwanafunzi, na nasikia uliandamana kuunga mkono. Basi anayelipia maandamano yako ni mimi.

Mnasema, kwa nini usinunue? Yupo Mkenya mmoja wa kazini aliyenunua. Tulimfanyia sherehe, tukala nyama, akatuonyesha funguo. Baadaye ndipo tukaanza kuisikia habari yenyewe. Mkopo wa benki ni wa miaka 35. Akimaliza kuulipa, fleti bado itakuwa na mwenyewe, kwa sababu alichonunua ni haki ya kukaa miaka 125, na ardhi ni ya kampuni ambayo hajawahi kuiona sura. Analipa ada ya kutunza lifti na anakaa chini. Akitaka kufuga paka, aombe kibali. Fleti nyingi zilizouzwa mpya kuanzia mwishoni mwa Juni 2022 sheria imeziondolea pango la ardhi: mwenye ardhi haruhusiwi kudai zaidi ya punje moja ya pilipili manga kwa mwaka. Imeandikwa hivyo kwenye sheria, sitanii. Yake ni ya zamani, kwa hiyo analipa pauni, na pilipili ananunua dukani.

Kwa hiyo Baba, ile hofu yako ya miaka yote juu ya hati ya CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kwamba miaka 33 ikiisha watakuja kutuondoa, huku ungekuwa mtu wa kawaida kabisa. Na wewe una heri. Hayati Rais Magufuli alipoivunja CDA, Mei 2017, aliagiza hati za Dodoma ziwe za miaka 99 kama za wenzetu wa mikoa mingine. Mkenya wangu anakuzidi miaka 26, lakini wewe hukopeshwi na mtu, na paka wako hana kibali.

Tuje Nala. Kiwanja tungekinunua kwa bei ya maana kama ukoo huu ungeamini kwamba serikali inahamia Dodoma kweli. Lakini nani angeamini? Uamuzi ulipitishwa 1973, tukakua tunausikia, watoto wakazaa watoto. Magufuli akautamka tena Julai 2016, Septemba ya mwaka huohuo Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akahamia, na kabla mawaziri hawajafungua mabegi madalali wa Area D na Kisasa walishapandisha kodi. Aliyekuwa anauza shamba la mawe na miiba akaanza kuliita "kiwanja cha uwekezaji". Sisi tukasogea, tukasogea, mpaka Nala. Siwalaumu wauzaji. Ningekuwa na shamba lenye miiba, mimi ningesema lina mandhari.

Mdogo wangu, msimamizi wa mradi, sasa ni zamu yako. Picha za msingi nimezipokea. Picha ya Machi, ya Mei na ya Agosti zote zina mbuzi yuleyule, kasimama palepale, mguu wa nyuma umenyanyuka vilevile. Ama mbuzi huyo amekufa amesimama, ama picha ni moja. Pia fundi ameomba kokoto tena. Kwa kokoto nilizokwisha kulipia, nyumba hiyo ingekuwa imeshafika lenta na kubaki za kumwagia barabara. Kuhusu boza la maji nakubali, maji ya bomba hayajafika upande ule na zege halikorogwi kwa mate. Ila boza lije siku ya kumwaga zege, si siku ya harusi ya jirani.

Na ile simu ya "mvua imebomoa mtaro" naomba tuiache. Dodoma nimezaliwa. Mvua ya kwetu inajulikana miezi yake, na Agosti haimo.

Huwa nawaza tembe la babu. Hakuwa na dalali, wala fundi wa nondo, wala amana. Nguzo alikata porini, ukuta udongo, paa udongo, na majirani waliomsaidia aliwalipa kwa pombe ya mtama. Shangazi husema huyo ndiye pekee katika ukoo aliyewahi kumiliki nyumba bila kudaiwa. Ni kweli, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilipokuja operesheni ya vijiji, akaambiwa alipo si kijijini, ahamie kwa wenzake. Akahama, akajenga tembe jingine. Hakudaiwa hata hilo, lakini mtu wa kumwambia hama alikuwapo.

Hela ya saruji nitaituma mwisho wa mwezi, mzee wangu wa Kihindi akishachukua yake. Itaenda duka la saruji moja kwa moja, si kwenye simu ya mtu. Mdogo wangu, usinune. Wewe utabaki na usimamizi na nauli.

Shangazi, nimalizie na wewe. Nimeambiwa yule mpangaji wako wa chumba cha uani anakulalamikia kodi ya jengo, na kwamba umemjibu anunue umeme anyamaze. Nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kila mwezi kwenye umeme wa LUKU, elfu kumi na nane kwa mwaka. Anayenunua umeme ni yeye, lakini kodi hiyo kisheria ni ya mwenye nyumba, yaani wewe. Mrudishie hela yake, au umpunguzie kwenye kodi ya chumba. Mpangaji mwenzangu huyo, siwezi kukaa kimya.

Mtoto wenu,
Leicester