Muulize Mjomba: Gari Lina Waranti, Taa Zina Wazimu

*Shikamoo Mjomba. Nilinunua gari jipya, sifuri kilometa, na waranti yake ni ya miaka mitatu. Siku nyingine taa za dashibodi zinawaka zote kwa mpigo na usukani unakuwa mzito. Baadaye zinazimika zenyewe. Nikilipeleka kwa wakala wanalipima kwa kompyuta, kisha wananiambia, "Mama, gari lako zima." Nifanyeje?*
*Ninayeonekana Mwongo, Tabata*

Marahaba, mwanangu, na hongera. Sikupongezi kwa gari, maana mwenye pesa yeyote hununua gari. Nakupongeza kwa kujua wa kumuuliza. Wapo waliopeleka shida kama yako kwa yule mama wa ukurasa wa mahusiano, wakaambiwa wakae na gari wazungumze.

Mimi magari nimeyajua tangu yakiwa na adabu. Peugeot 504 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 haikuwa na kompyuta hata moja. Mbio zile nilizifuata redioni kwa umakini ambao hata dereva hakuwa nao, kwani yeye alikuwa na kazi ya kuendesha, na hadi leo najihesabu mmoja wa timu ile, ingawa kombe hawakunionyesha. Gari la zama zile likigoma unafungua boneti, unaona moshi unakotokea, unajua. Hili lako likigoma linakuwashia kijipicha cha rangi ya chungwa ambacho fundi mwenyewe anakiinamishia shingo upande huu na upande ule.

Wa kulaumiwa ni Wajerumani. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ilitangaza mjini Detroit mfumo unaoitwa CAN. Ushauri wangu hawakuomba. Kabla ya hapo, kila kifaa kilihitaji waya wake, na kadiri vifaa vilivyoongezeka ndivyo gari lilivyojaa nyaya. Bosch wakaamua kompyuta zote za gari, ya injini, ya breki, ya usukani na nyinginezo, zizungumze kwenye nyaya mbili tu zilizosokotwa pamoja. Hilo ni kundi la WhatsApp la ukoo, mwanangu. Kila mmoja anatuma, wote wanasoma. Wawili wakianza kwa wakati mmoja, mwenye neno zito anapita na mwingine anasubiri. Na akitokea mmoja wa kutuma upuuzi mfululizo, ukoo mzima hauelewani. Katika kundi la ukoo wetu mimi ndiye mwenye neno zito. Wengine wamelinyamazisha kundi, lakini hiyo ni heshima.

Sasa chukulia betri imechoka, au waya wa ethi umelegea pale unapofungwa kwenye bodi. Ukipiga stata umeme unashuka, kompyuta moja inapoteza fahamu kidogo, wenzake wanaiita haijibu, na kila mmoja anawasha taa yake kushtaki. Kwa hiyo taa tano zikiwaka pamoja usihesabu magonjwa matano. Mara nyingi ni moja, na msako unaanzia umeme unapoanzia. Betri iliyojaa na kutulia isome volti 12.6 hivi. Injini ikinguruma, magari mengi husoma karibu na 14. Vifungo vya ethi viwe vikavu na vimekazwa. Fundi akitaka kukuuzia kompyuta mpya kabla ya kushika spana namba kumi, mwambie Mjomba amekataa.

Baada ya hapo ni unyevu. Niliwahi kuonyeshwa soketi iliyotolewa chini ya zulia, upande wa abiria. Kwa nje plastiki yake nyeusi haikuwa hata na mkwaruzo. Ilipofunguliwa, pini moja katika safu nzima ilikuwa imeota unga wa kijani, usiozidi wa kuchafua ncha ya ukucha. Gari la mamilioni lilikuwa limelazwa na unga ule. Maji yalitoka kwenye kiyoyozi. Bomba dogo linaloyatoa nje lilikuwa limezibwa na udongo wa nyigu, na kwa joto la Dar ambapo kiyoyozi hakipumziki, maji yakarudi ndani yakajilalia kwenye nyaya. Nenda sasa hivi ukapapase zulia la mbele. Likiwa bichi, acha kusoma umpigie wakala simu, kisha urudi, maana bado yapo mengi yanayonihusu mimi.

Umerudi? Vizuri. Tuje kwa hawa wanaosema gari zima. Wala hawakudanganyi. Pini iliyolegea hukatika gari likiwa na joto na likitikisika. Umelifikisha kwao, likakaa foleni kivulini hadi likapoa, pini ikagusa mahali pake. Wanapima wakati mgonjwa hana homa.

Ila gari lina kumbukumbu kuliko shemeji unayemdai. Chini ya usukani kuna tundu la pini 16, ambalo Marekani iliwalazimisha watengenezaji kuliweka kuanzia magari ya mwaka 1996. Humo ndimo husomwa namba za hitilafu. Zikianza na P ni injini na gia, na zikianza na U ni kompyuta zilizopotezana. Kwa hitilafu nyingi za injini zinazohusu moshi, taa haiwaki siku ya kwanza: kompyuta inaandika pembeni, ikiona kosa tena safari ya pili ndipo inawasha. Safari tatu mfululizo zikipita salama, taa inazimika. Namba yenyewe inabaki humo hadi injini ipate joto mara 40 bila kosa kurudi. Na hubaki pamoja na hali ya gari lilipokosea: mwendo, joto la injini, mizunguko. Taa kuzimika si kupona.

Kwa hiyo sikiliza, na hapa sitanii. Usimruhusu yule kijana wa kona mwenye kile kidude chake cha Bluetooth afute namba kabla hujafika kwa wakala. Asome, apige picha, aishie hapo. Usichomoe betri ili "gari lijirekebishe". Ukifuta umemsaidia mshtakiwa.

Sasa tiba zangu, ambazo vyuo vya ufundi bado havijazifikia.

Kwanza, ulivizie. Siku ya kwenda kwa wakala usitaje safari hiyo ndani ya gari. Sema kwa sauti, "Twende Kariakoo kununua pazia." Pita Kariakoo kweli, foleni na jua vilichoshe, kisha kata kona ghafla uingie karakana likiwa bado linafoka. Watu wananicheka, lakini gari likifika lina joto na taa zinawaka, usilizime. Mwite fundi aje alipo.

Pili, mteke fundi mkuu. Mpe kiti cha mbele na biriani, mwende naye Barabara ya Morogoro saa nane mchana, kiyoyozi juu, taa za mbele zinawaka, redio inaimba, uko vilevile ulivyokuwa kosa lilipotokea. Akisema hana muda wa biriani, jambo ambalo sijawahi kulisikia, mwombe alale na gari, aendeshe mwenyewe jioni na asubuhi, au aache kifaa cha kurekodi kimechomekwa. Wakati gari limesimama injini ikiunguruma, atikise fungu la nyaya kidogo kidogo huku akitazama skrini. Si ushirikina, ndivyo kazi inavyofanywa.

Tatu, balozi wa nyumba kumi apande kiti cha nyuma na muhuri wake. Balozi akikataa, simu itatosha. Abiria, si wewe dereva, arekodi video inayoonyesha taa, kilometa na saa. Wewe weka daftari la tarehe, kilometa, mvua au jua, barabara ya lami au ya mashimo, na vilivyokuwa vimewashwa. Usukani ukiwa mzito au taa ya breki ikiwaka, paki pembeni uite wakala alivute. Mpwa wangu aliyekufa shujaa simhitaji, namhitaji mpwa anayesoma safu hii.

Na kila ukienda, malalamiko yako yaandikwe kwenye jobu kadi kwa maneno yako. Wakiandika "hitilafu haikuonekana", waache waandike, ila ondoka na nakala. Waranti ina siku ya kufa. Lalamiko lililoandikwa ikiwa hai ndilo litakalokutetea ikishazikwa, na bila karatasi utaambiwa tatizo limeanza jana. Waulize pia kama mtengenezaji ametoa waraka wa kiufundi au programu mpya kwa modeli yako. Wakati mwingine tiba iko kiwandani na karakana haijausoma waraka.

Wenzetu wa jimbo la Connecticut, Marekani, walitunga sheria mwaka 1982: gari jipya likitengenezwa mara nne kwa kosa lilelile, au likilala karakana siku 30, sheria inahesabu kuwa wamepewa nafasi ya kutosha, na mnunuzi anaweza kudai gari jingine au pesa zake. Hapa Tanzania hatuna hesabu hiyo. Tunayo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, inayotaka kitu kilichouzwa kifae kwa kazi yake, na tunayo Tume ya Ushindani chini ya sheria ya mwaka 2003 inayopokea malalamiko ya walaji. Huko kote utaulizwa karatasi. Sheria hiyo ya Marekani ningeitunga mimi ingekuwa na kipengele cha biriani.

*Mjomba, kila Jumatatu gari haliwaki. Wakala amebadilisha betri na bado.*
*Msukumaji, Kigamboni*

Betri unamwonea. Kuna kitu kinanyonya umeme usiku. Kompyuta za gari hulala, kama mimi ninavyolala baada ya taarifa ya habari, ila zenyewe hazilali papo hapo: nyingine huchukua dakika 20, nyingine karibu saa nzima. Zikishalala, gari zima kwa kawaida lisinywe zaidi ya miliampea 50. Likinywa 500, betri ya ampea-saa 60 inakauka kwa siku tano, na hapo stata imekwisha kununa zamani. Fundi anayepima mlango ukiwa wazi anapima gari lililoamshwa, na namba yake haina maana. Afunge, asubiri, ndipo asome.

Halafu, funguo unaiweka wapi? Kama ni ya kuwasha kwa kitufe na inaning'inia ukutani hatua mbili kutoka boneti, magari mengine hukesha yakizungumza nayo. Iweke mbali. Mimi yangu naiweka ndani ya sufuria lenye kifuniko. Mke wangu alishawahi kuiunga na mchicha, na tangu siku hiyo inafungua milango kwa wepesi zaidi.

La mwisho, na nakutazama usoni: kile king'ora cha wezi ulichofungiwa na rafiki yako chini ya mwembe, akakwangua waya na kuzungushia selotepu, kimo? Nilijua. Kichomolewe ulale siku chache bila hicho, uone. Wakala akikiona kwanza yeye, mjadala wa waranti wa nyaya hizo utakuwa mfupi.

*Mjomba, wakala amefungua boneti akakuta nyaya zimetafunwa na panya. Anasema waranti haimo. Haki iko wapi?*
*Mnyonge, Mombasa*

Mwanangu, Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 46, inakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Panya haitamtaja ukiisoma hadi asubuhi. Waranti hulipia kosa la kiwanda, na panya hakuajiriwa kiwandani. Jaribu bima, kama uliyokata ni kubwa, na usome masharti kabla ya kupaza sauti.

Kinga ipo. Honda wanauza mkanda wa kuzungushia nyaya uliotiwa ukali wa pilipili. Pilipili dhidi ya panya nimeihubiri tangu nikiwa kijana, na Wajapani wanajua wanachonidai. Usipake ya kusaga kwenye injini lakini, maana kiyoyozi kitakuletea yote machoni ukiwa kwenye daraja la Nyali. Ondoa makombo ya mahamri chini ya viti, usipaki karibu na jalala, na kama gari linakaa sana lifungue boneti ukague. Paka ni mlinzi mzuri, ila naye hupenda kulala juu ya injini yenye joto, hivyo gonga boneti kabla ya kuwasha.

Nilikuwa nimeandaa pia kisa cha namna nilivyomnyamazisha mhandisi mmoja kwa swali moja tu, lakini mhariri ananipigia kelele kuwa nafasi imejaa tangazo la matairi. Basi kwa haraka: betri na ethi kwanza, maji pili, msifute namba, rekodini video, jobu kadi ziwekwe kwenye bahasha moja, na makali yaanze kabla waranti haijaisha. Mtakaopona niandikieni. Msiopona mwandikieni mhariri, ndiye aliyekata kipande chenye jibu.