Plastiki ya Parker
Wapulizaji wa saksafoni wana imani moja isiyotikisika: sauti nzuri iko dukani, ila haijanunuliwa tu. Leo ni kipande cha mdomoni, kesho ulimi wa mwanzi wa aina mpya, keshokutwa saksafoni ya zamani aina ya Selmer Mark VI, ambayo bei yake ingetosha kujengea banda la uani. Mazoezi? Hayo yatasubiri mzigo ufike. Sasa tumweke wapi Charlie Parker, gwiji wa saksafoni ya jazi, aliyepanda jukwaa la Massey Hall, Toronto, Mei 1953, na Grafton, saksafoni ya plastiki? Rekodi ipo, isikilizwe. Watasema huyo alikuwa Parker, hata bomba la maji lingemtii. Haswa! Basi tumekubaliana kwamba chombo hakikuwa na kazi kubwa. Ni kweli, saksafoni inayovuja hewa humtesa hata fundi. Lakini kubadilisha pedi zinazoziba matundu yake hakumlazimu mtu kuuza shamba. Wenye pesa, hata hivyo, hawakushawishika: mwaka 1994, huko London, plastiki ile ile ya Parker iliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 90,000.