Migebuka ya Ukutani

Baba mkwe hakutoa neno baya. Aliutazama ukuta wa mgahawa, akamtazama mkwewe, kisha akauliza kwa upole ulioumiza kuliko tusi: "Mkwe, hapa hakuna hata chipsi?"

Ilikuwa Jumapili iliyopita, na mwenyeji wake, mkazi wa Sumbawanga, bado hajapoa. Tangu stendi alikuwa akimsifia mzee migebuka ya Ziwa Tanganyika, ile inayoshushwa Kasanga na kupandishwa mpaka huku juu Ufipa. Mgahawa aliouchagua ulikuwa na menyu iliyopakwa rangi ukutani tangu mlangoni hadi dirishani, na samaki aliyechorwa akitabasamu.

Migebuka ipo? "Imeisha, baba." Ilikuwa saa sita na nusu mchana. Kuku wa kienyeji? "Yupo, ila bado anakimbizwa." Mzee akageukia dirisha na kumwona kuku mwenyewe, buheri wa afya, akiwazungusha watoto wawili nyuma ya choo. Ugali wa ulezi? Dada mhudumu akacheka kwa aibu: "Huo tunakula nyumbani." Maharage basi? "Yako jikoni, hayajaiva."

Maharage yale, haki itendeke, hayakuwa na kosa. Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 300 hivi unazopanda, maji huchemka kwa nyuzi moja pungufu. Dar es Salaam, alikotoka mzee, yanachemka kwenye nyuzi 100. Sumbawanga yanatokota kwenye 94 na hapo hayasogei, hata ukichochea kuni za kijiji kizima. Sufuria inarukaruka, mvuke unajaa jiko, mpishi anatoka jasho, na harage limekaa ndani gumu vilevile. Dawa yake ni kufunga chungu kabisa ili mgandamizo upande na joto lipande nao. Mmarekani Harland Sanders alitumia ujanja huohuo kukaangia kuku huko Kentucky. Mwaka 1952 mkahawa wa kwanza ukapewa haki ya kuuza kuku wa Sanders, mjini Salt Lake City, na kutoka hapo ukazaliwa mtandao wa migahawa wa KFC. Mgahawa wetu ulikuwa umefunika sufuria yake kwa sahani ya bati.

KFC haijafika Sumbawanga, lakini mtu asidhani mji hauna chakula cha mtandao. Upo mtandao mkubwa kuliko wote nchini, usio na makao makuu wala mkurugenzi: chipsi mayai. Ukitoka Tanga ukaingia Kariakoo, ukapita Tunduma hadi Sumbawanga, utakuta kabati lilelile la kioo na rundo lilelile la viazi vilivyokaangwa nusu, vinasubiri mteja. Ukisema "zege moja", kijana anavirudisha kwenye mafuta, anapasua mayai mawili kikombeni, anayapiga kwa uma, anamwaga viazi kwenye kikaango na mayai juu yake. Halafu anafunika kikaango kwa sahani na kukipindua, na hapo ndipo mteja hushika pumzi. Linatua duara lisilo na ufa. Kachumbari pembeni, vijiti vya meno viwili, pilipili ukiitaka.

Hakuna anayedai kwamba hicho ndicho chakula kitamu kuliko vyote. Watu wanakipenda kwa sababu kiko machoni: viazi unaviona, mayai unayahesabu, na hakuna wa kukuambia bado vinakimbizwa. Mwenye mgeni hatafuti utamu kwanza, anatafuta kutoaibika. Siku ile baba mkwe aliishia kula zege, akamaliza hata makombo, akasema Sumbawanga ni mji mzuri.

 

Wenye mitandao mikubwa nao wasijione. Januari 2022 KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi, kwa kuwa viazi vyake viliagizwa kutoka nje na meli zilichelewa kwa sababu ya Uviko. Wakenya walikuja juu: Nyandarua imejaa viazi, mnangoja meli ya nini? Jibu likawa kwamba mkulima lazima kwanza apitishwe kwa viwango vya kampuni. Tofauti ni kwamba "imeisha" ya Nairobi ilitangazwa duniani kote, na ya mama ntilie huishia mezani.

Hapa ndipo kicheko kinapokauka. Rukwa ni ghala la mahindi na maharage, ina ziwa kila upande, Tanganyika magharibi na Rukwa mashariki, na bado utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 uliwakuta karibu nusu ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Ulezi na dagaa vimekuwa vyakula vya kuonea haya mbele ya mgeni. Serikali yenyewe inasaidia kuviaibisha: fedha ya umma hudai risiti ya EFD, zile mashine za kutolea risiti zilizoletwa mwaka 2010, wakati mama ntilie, kwa mauzo yake madogo, hana mashine. Kwa hiyo semina ya lishe inaweza kufanyika katikati ya mji huu na washiriki wakala chipsi kuku, maana mwenye chipsi kuku ana risiti.

Waheshimiwa wahasibu wa halmashauri, tafuteni namna ya kumlipa mama ntilie. Maharage yake yataiva tu, yaagizeni tangu jana yake.