Mama Kimea, pombe yangu imekuwa uji

Juma hili kijana wa pikipiki aliyepandisha kutoka Sake ameniletea barua tano, zote zimelowa mvua. Moja inanukia kimea hata kabla ya kufunguliwa. Nimeanza na hiyo.

*Mama Kimea, jambo sana. Miaka miwili nimetengeneza pombe kwa njia ya mkato: maji, sukari ya dukani, hamira ya mkate, na kiganja cha unga wa kimea wa sokoni ili rangi ije. Siku tatu, tunakunywa. Sasa nikasema niache utoto. Nimenunua beseni mbili za mtama, nikasaga, nikapika, nikatia hamira. Siku ya nne wageni walikuja na vikombe, wakaomba vijiko. Nimekosea wapi? — Mwalimu, Kirolirwe*

Mwalimu, ulichopika ni uji, na sina shaka ulikuwa uji mzuri. Ila hamira haili wanga. Inakula sukari tu, na punje ya mtama imeifungia sukari yake ndani ya wanga kama fundi anavyofungia vyombo vyake sandukuni. Ulipotumia sukari ya dukani, kazi ya kufungua ilikuwa imeshafanywa na kiwanda. Sasa ufunguo unautafuta mwenyewe, nao huzaliwa mbegu inapoota. Wewe ulisaga mbegu iliyolala.

Loweka mtama usiku kucha, uoshe, uchuje, uufunike kwa majani ya ndizi mahali pasipo jua. Nyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya pili ingiza mkono katikati ya lundo: utakuta joto la kwapa na harufu ya tango lililokatwa sasa hivi. Hapo wengi hufurahi na kwenda zao. Usiende. Geuza lundo, litawanye, maana katikati mbegu zinajipika huku za pembeni hazijaamka. Kati ya siku ya tatu na ya tano, kwa kadiri ya baridi yetu, mizizi itakuwa imeshikana kama nywele zisizoona kitana. Mtama wako ukiwa ule mwekundu wenye ukakasi, fanya kama wenzetu wa Kabale, Uganda: wao huuchanganya na majivu ya kuni kabla ya kuotesha, na ule ukakasi unaokunja ulimi hupungua. Mimi hufanya hivyo. Mume wangu hajawahi kusema kitu, na kwa mume wangu huo ndio wimbo wa sifa.

Kuanika ndiko kunakonitoa machozi. Jua letu linatoka saa nne, na saa nane ukungu umesharudi kuchungulia. Uwe na mtoto wa kuita, “Mama, mvua!”, na mkeka unaokunjika haraka.

Sasa jikoni. Ule ufunguo, ambao vitabu vyako vya shule vinauita vimeng’enya, hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 60 na 70. Wanga wa mtama nao ni mkaidi kuliko wa shayiri, unataka moto mkali zaidi ya huo ndipo ulainike. Ukichemsha vyote pamoja, umeua ufunguo na sanduku bado limefungwa. Kwa hiyo pika kwanza uji wa unga wa mtama usiooteshwa, uive kabisa. Uutoe motoni, uache upoe, ndipo utie unga wa kimea.

Utaniuliza upoe kiasi gani, na kipimajoto huna. Huku juu maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 95, na ya kijito ni baridi kama unavyojua. Changanya vikombe viwili vya yanayotokota na kimoja cha kijito: umepata joto la karibu nyuzi 68. Chovya kidole upesi, ujue linavyouma, kisha ulitafute uumaji huohuo kwenye uji. Tia kimea, koroga, funika kwa blanketi, nenda ukasahihishe madaftari kwa saa moja na nusu. Ukirudi, uji uliokuwa unashika mwiko utakuwa unamiminika kama maji ya mchele, na ukionja ni mtamu bila mtu kutia sukari. Ukiwa na shaka, weka tone lake kwenye sahani nyeupe, uongeze tone la iodini ya duka la dawa. Likigeuka bluu ya kukaribia weusi, wanga bado upo, subiri zaidi. Tone hilo limwage, usilirudishe sufuriani kwa ubahili. Halafu chuja, chemsha, acha upoe uwe kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, ndipo uite hamira. Na wageni warudi na vikombe.

*Mama, kimea changu cha siku nne nilikianika uani. Ndama wa jirani amekula robo yake, miguu ikalegea. Jirani anataka nilipe, na mimi nadai kimea changu. Nani ana haki?*

Ndama. Chipukizi la mtama linabeba sumu ya jamii ya sianidi. Ndiyo maana kimea kikikauka tunakisugua kwa viganja na kukipepeta mpaka mizizi na chipukizi vidondoke, kisha tunakipika. Ndama hakupepeta. Lipa, mwanangu, na ujenge uzio.

*Shemeji yangu aliyeko Ubelgiji anasema bia isiyo ya shayiri si bia, ni maji ya nafaka. Nimwombe anitumie kilo kumi?*

Muulize kwanza nani atalipa ndege. Kisha umwambie kwamba mwaka 1988 Nijeria ilikataza shayiri ya kutoka nje, viwanda vikageukia mtama na mahindi, na watu wakaendelea kuagiza chupa ya pili. Ukitaka cha kumwonea wivu mzungu wa viwanda, angalia ng’ambo ya Goma: kiwanda cha bia cha Bralirwa, Gisenyi, kilianzishwa 1957, na tangu miaka ya 1960 kilipata kuchemshia mitambo yake kwa gesi ya methani iliyovutwa kutoka vilindi vya Ziwa Kivu. Sisi tunahesabu makaa moja moja, wenzetu walikuwa wanawasha ziwa.

*Unga wangu wa mahindi ulilowa, umeota ukungu kidogo. Mama mkwe anasema moto unaua kila kitu, tuupikie pombe tu. Nimtii?*

Kwa mengine yote, mtii. Januari 2015, huko Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa kwa pombe ya kienyeji waliyoinywa baada ya mazishi. Uvumi ulikimbilia nyongo ya mamba, na nina hakika kuna bibi mmoja asiye na kosa aliyeangaliwa vibaya. Maabara ilikuta sumu iliyotengenezwa na bakteria kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Sumu hiyo haiogopi moto. Msomee mama mkwe habari hii akiwa ameketi, na unga uufukie shimoni. Hata kuku wasiuone.

*Mama Kimea, nisaidie. Mume wangu amesikia kwamba mpishi wa kweli hujenga vyombo vyake. Amekata pipa la mafuta ya gari. Amechukua bidoni yangu ya alumini ya maziwa, akaitoboa na kuitia robine ya shaba. Chujio amelishona kwa chandarua. Wateja wa fromaji yangu wanauliza kwa nini inanukia baa. Dola arobaini zimekwenda, chupa hata moja sijaiona. — Mke wa Injinia*

Mama mwenzangu, pole. Tugawe mali hiyo kama urithi.

Pipa lirudi kukinga maji ya kufulia. Harufu ya mafuta haimalizwi na sabuni, na hata likiwa safi chuma hakifai kukaa na kitu kichachu. Kusini mwa Afrika, tangu miaka ya 1920 madaktari waliona maini ya watu yamejaa chuma kupita kiasi, na baadaye wakaifuata njia hadi kwenye pombe iliyochachukia ndani ya mapipa na masufuria ya chuma. Bati la mabati nalo lina zinki, ni hadithi hiyohiyo kwa jina jingine.

Chandarua, la hasha! Kimetiwa dawa ya kuua mbu, naye mume wako bado unamhitaji. Kikapu kilichosukwa vizuri, na kitambaa cha pamba kilichochemshwa ndani yake, vinatosha.

Bidoni yako ya maziwa ni yako. Alumini inavumilia kupikia, lakini pombe ichachukie humo siku tatu, hapana. Aizibe tundu kwa gharama yake, na mpaka hapo fromaji iendelee kulalamikiwa kwa jina lake, si lako.

Anachohitaji injinia ni bidoni mbili za njano za lita ishirini, zilizobeba mafuta ya kula na si kitu kingine. Moja ailaze kwenye sanduku la mbao lililojaa maranda ya seremala, joto la kimea halitoki humo upesi. Ya pili ni ya kuchachushia: atoboe mfuniko, apitishe mpira mwembamba, ncha yake aizamishe kwenye chupa ya maji ili hewa itoke na inzi wasiingie. Hakuna kulehemu hapo, najua atanuna.

Ananunia nini, lakini? Mara ya mwisho tulipokimbia tukashuka Sake kwa miguu, pipa la jirani yangu lilibaki limesimama uani kama mlinzi asiyelipwa. Bidoni yangu ilikuja nami mgongoni, ikichachuka njia nzima, na kila tulipopumzika nilikuwa naulegeza mfuniko, nausikia ukipumua, naufunga, tunaendelea.