Unaficha Nini, Mama Zuhura?

Mume wangu hajui lolote kuhusu usimbaji fiche, lakini aliposikia nataka kuuweka kwenye simu yangu alijua papo hapo kwamba una mwanamume ndani yake. "Unaficha nini, Mama Zuhura?" Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kwa ile sauti ya upole ambayo wanaume wa mtaani kwetu Tandika huitoa wanapotaka jibu liwafae hadi kwenye kikao cha wazee.

Ni kweli nilikuwa naficha, ila nilichokificha hakikuwa changu. Mimi ni mhazini wa kikoba, kikundi chetu cha wanawake cha kuweka na kukopeshana. Daftari letu liliwahi kulowana na mvua za masika, na tangu hapo kila ukurasa unapigwa picha na kukaa kwenye simu yangu: nani kanunua hisa ngapi, nani kakopa, nani anakwepa marejesho, nani kakopa huku ili akalipe mkopo wa kausha damu kule. Kuna mwenzetu aliyemfanyia bintiye shughuli ya maturubai mawili na sare za wageni, na wiki hiyohiyo akaja kwangu kulia kwamba hana hela ya rejesho. Sare niliivaa, kilio nilikisikia, na vyote viwili vimo kwenye simu. Mtaani kwetu, anayeiokota simu hiyo kaokota mazungumzo ya mwaka mzima.

Aliyenitia wasiwasi ni mpwa wangu anayesoma kompyuta chuoni. Alikuja kunisalimia, akala, akaitazama simu yangu, kisha akasema, "Shangazi, hii loki yako geresha tu."

Akanieleza kwamba loki ya kioo humzuia mtu anayepapasa kioo. Mwizi mwenye kompyuta na programu zake anaweza kuzichota picha kutoka kwenye kumbukumbu ya simu ya zamani kama yangu bila kuigusa hiyo loki. Usimbaji fiche unazivuruga data zenyewe, hata mwizi akizichota anakuta takataka. Nikamwambia hilo nalielewa, maana utotoni tulisema kinyume ili wakubwa wasitufahamu: silabi ya mwisho inakwenda mbele, pesa inakuwa sape, simu inakuwa musi. Udhaifu wa kinyume ulikuwa kwamba kaka, dada, baba na mama hawageuki. Wazee walijua wazi kwamba wanasengenywa, ila hawakujua kwa lipi.

"Ndiyo hivyo, Shangazi," akasema, "ila hapa anayegeuza anatumia ufunguo wa biti 128. Kompyuta zote duniani zikikaa kuubahatisha zitazeekea kazini."

"Si WhatsApp imeshafunga? Ile ilani ya njano naisoma kila siku."

"WhatsApp walifunga Aprili 2016, ni kweli, lakini wanaufunga ujumbe ukiwa njiani. Ukishafika kwenye simu yako unakaa kifua wazi."

Nikauliza kwa nini basi simu yangu haikuja imefungwa. Hapo nikapata somo la matabaka. iPhone zimekuwa na usimbaji wa ndani tangu ile 3GS ya mwaka 2009, na kwa iOS 8 ya mwaka 2014 Apple wakatangaza kwamba hata wao hawawezi tena kumfungulia mtu. Upande wa Android, Nexus 6 ya mwaka 2014 ilitoka imefungwa, watu wakalalamika kwamba inakwenda polepole. Mwaka uliofuata simu mpya zenye nguvu zikalazimishwa kufungwa, zile dhaifu zikasamehewa kwa kuwa prosesa zao zingehema. Ndipo Februari 2019 Google wakatangaza Adiantum, njia ya kusimba iliyobuniwa kwa ajili ya prosesa za wanyonge, na kuanzia Android 10 ya mwaka huo simu mpya zote zikatakiwa kuzaliwa zimefungwa. Kabla ya hapo siri za mwenye nacho zilifungwa kiwandani, na za mwenye simu ya bei rahisi zikaachwa zipigwe na upepo. Yangu ni "used ya Dubai" niliyoinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kutoka kwa kijana aliyeapa kwamba ilikuwa ya mama mtu mzima aliyeitumia kupokelea simu tu. Imezaliwa kabla ya rehema ya 2019.

Mpwa wangu akaongeza kisa cha San Bernardino kunitia moyo. Baada ya shambulio la Desemba 2015 huko California, FBI walibaki na iPhone 5C ya mmoja wa washambuliaji, wakahofia kwamba wakikosea mara 10 itajifuta. Wakapata amri ya mahakama ya kuilazimisha Apple iwasaidie, Apple wakakataa, dunia nzima ikabishana. Machi 2016 serikali ikaiacha kesi kwa sababu ilikuwa imepata mtu wa nje aliyeweza kuifungua. Yaani FBI, pamoja na majengo yao yote, mwishoni walifanya tunachofanya sisi: walitafuta fundi.

Nikakata shauri. Nikaingia kwenye mipangilio, upande wa usalama, na simu ikanisomea masharti. Kazi itachukua saa moja au zaidi. Betri iwe imejaa na simu ibaki kwenye chaji muda wote. Ukikatiza, unaweza kupoteza data zako zote. Na ukishafunga huwezi kufungua moja kwa moja ila kwa kufuta kila kitu. Ni wazi aliyeyaandika anaishi mahali ambapo umeme ukiwaka asubuhi unajulikana utawaka na jioni. Pia nyumbani kwake ekstensheni haigombaniwi na friji ya barafu za kuuza, pasi ya mpangaji na chaja ya bodaboda anayesema "nachaji kidogo tu, mama" na kurudi Isha. Nikachagua Jumapili mchana, nikaifukuza pasi, nikanakili picha za daftari kwenye simu ya mpwa wangu endapo kutatokea la kutokea, nikabonyeza.

Hakuna sharti hata moja lililosema kwamba mhazini wa kikoba hazimi simu mwezi wa Desemba.

Tulikuwa tumebakiza siku chache kuvunja kikoba na kugawana hela. Simu inaposimba haipigi wala haipokei, inaonyesha tu asilimia ya kazi ikipanda. Mwanachama wa kwanza alinipigia kuuliza habari ya hisa zake, akaambiwa hapatikani. Akampigia wa pili kuuliza kama yeye ananipata. Wa pili alikuwa hajawaza kunitafuta, lakini baada ya kuulizwa akanitafuta, akanikosa, akapata wasiwasi wake mwenyewe. Mpaka asilimia arobaini na kitu, habari ilikuwa kwamba nimeonekana Mbagala Rangi Tatu napanda basi la Lindi. Asilimia sabini ilipofika nilikuwa nimeshavuka Rufiji, tena si peke yangu.

Wanachama walipofika kwangu walikuta nimekaa kwenye kirago nachambua mchicha. Mwenyekiti akatangulia na salamu ndefu, salamu ya mtu anayehesabu macho na mabegi. "Simu yako vipi, mhazini?" Nikamwonyesha kioo. Wanawake kumi na kitu wakainama kutazama namba ikipanda, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kikoba chetu tulikaa pamoja kimya. Umeme haukukatika. Baba Zuhura, aliyetokea chumbani akakuta baraza imejaa, aliona mashahidi wamejileta wenyewe. "Nami namuuliza kila siku," akawaambia, "anaficha nini?"

Usalama ulipokamilika ukaanza kutushughulikia sisi wenye nyumba. Simu ya zamani iliyosimbwa yote ikizimika na kujiwasha, inasimama kwenye neno la siri kabla ya jambo lingine lolote. Mpaka uliandike haipokei simu, wala kengele ya kuamshia hailii. Google walilishughulikia hilo katika Android 7 ya mwaka 2016, simu yangu haikualikwa. Ramadhani ikaingia. Usiku mmoja betri yake ya kiutu uzima ikaizima simu na kuiwasha tena, ikakesha ikisubiri neno la siri huku sisi tumelala na daku liko jikoni. Tuliamshwa na adhana ya Alfajiri. Baba Zuhura alifunga siku ile kwa chai ya futari ya jana na hasira ya leo, na saa kumi jioni, midomo imemkauka, alinieleza kwamba katika ndoa yetu sasa kuna watu watatu na mmoja wao ni paswedi.

Baadaye kioo kikapasuka. Kijana wa fundi akaipokea simu na kuuliza, bila kuinua macho, "Paswedi?" Mezani kwake kila simu ilikuwa na kipande cha plasta mgongoni, na juu ya plasta, kwa kalamu ya wino mzito, neno la siri la mwenyewe. Zilikuwamo simu zenye alama ya kidole, zenye kutambua uso, zilizofungwa na wahandisi waliosomea hisabati ya kutisha, zote zimeandikwa mgongoni. Nikamwambia nitaiandika mwenyewe atakapomaliza. Akanitazama kwa huruma, akanipa benchi. Nilikaa pale mpaka Alasiri.

Wakati nasubiri nikampigia mpwa wangu kwa simu ya kuazima. Akanikumbusha jambo moja: usimbaji hauigusi laini. Mwizi anaichomoa, anaichomeka kwenye simu yake, na ndugu zako wanaanza kupokea "ile hela tuma kwenye namba hii" kutoka kwa namba yako halisi. Kwa hiyo laini nayo inawekewa PIN. Na kadi ya memori, kama picha zimo humo, ina mpangilio wake wa kufungwa peke yake.

Kikao kilichofuata cha kikoba kilikuwa na ajenda moja. Katibu alisimama akauliza swali ambalo hata mpwa wangu hakuwa ameliwaza: "Na ukifa je?" Aliuliza kwa mapenzi, naamini. Lakini swali lilikuwa zito. Data zilizosimbwa vizuri humsubiri mwenye ufunguo, na marehemu hatafutiwi fundi.

Jibu lilikuwa limekaa katikati ya mkeka. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo zake wanazo wanawake watatu wa nyumba tatu tofauti. Hakuna awezaye kulifungua peke yake, na hakuna aliyewahi kuona kwamba ametukanwa. Baina ya kikao na kikao sanduku hilo hukaa chini ya kitanda changu. Baba Zuhura amelala juu yake miaka yote, hana hata ufunguo mmoja, na hajawahi kuuliza tunaficha nini. Nilipomkumbusha usiku ule alinyamaza kidogo, akasema sanduku ni la watu. Nikamwambia na simu ndani yake ina watu. Akageukia ukutani, na hilo swali sijalisikia tena.

Kwa hiyo simu imebaki imefungwa, na nitanunua kengele ya mezani ya betri kabla ya Ramadhani nyingine. Neno la siri, kwa azimio la kikao, limekatwa vipande viwili ili likumbukwe nitakapokuwa sipo. Nusu ya kwanza anayo mwenyekiti, nusu ya pili anayo katibu. Hao wawili hawasalimiani tangu walipogombea kamati ya maakuli kwenye harusi ya mtoto wa jirani. Mpwa wangu aliposikia alicheka, kisha akakiri kwamba hajafundishwa ulinzi mkali kama huo. Nikifa leo, ili kikoba kivunjwe, wale wanawake itabidi kwanza wapatane.