Risiti Ililala Salama: Barua ya Wazi kwa Meneja wa Hoteli Moja ya Dodoma

Kwa Meneja Mkuu,
Hoteli (jina nimelihifadhi kwa heshima ya nyota zenu),
Dodoma.

YAH: PONGEZI KWA HUDUMA BORA MLIYOIPA RISITI YANGU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni ofisa mauzo wa kampuni ndogo ya Dar es Salaam inayouza vifaa vya maabara. Nilikuja Dodoma kufuatilia malipo, kazi ambayo siku hizi inachukua muda mrefu kuliko kuuza kwenyewe. Faili letu liko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na faili la huko halisogei kwa simu. Linataka kumwona mtu kwa macho. Ndiyo maana nikafikia kwenu.

Nianze na mapokezi, maana penye sifa lazima sifa zitolewe. Kabla hata sijaulizwa jina, binti wa mapokezi, mwenye adabu zake zote, aliniambia: “Karibu sana kaka. Risiti niandike jina la ofisi gani, na niandike ngapi?” Nikamjibu aandike nitakacholipa. Akanitazama kwa huruma, kisha akarudia swali taratibu, akidhani sikusikia vizuri. Kaka mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, ameninginiza begi la semina begani, akaninong'oneza: “Mzee wangu, usituharibie soko.”

Bei ya chumba ilikuwa shilingi 120,000. Nilipotoa hela nikaelezwa kwamba hiyo ni ya mtu asiyetaka risiti ya mashine. Anayeitaka anaongezewa VAT ya asilimia 18, jumla shilingi 141,600. Nilipenda sana ubunifu huo. Wengine wote nchini tunaamini kodi ni lazima, ninyi mmeiweka kwenye orodha ya huduma za hiari, pamoja na kufuliwa na kupigiwa pasi. Bango la kuwahimiza wateja wadai risiti mmelibandika ukutani, juu kabisa ya mashine ya EFD, na mashine yenyewe mmeifunika kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi.

Nikasisitiza nipewe risiti. Mtandao wa mashine ukawa umekata. Ukarudi jioni, na risiti ikapandishwa hadi chumbani na kijana nadhifu, imo ndani ya bahasha nzito yenye nembo ya hoteli. Nilimshukuru, nikamkumbusha lile taulo nililoliomba tangu mchana. Akasema analifuatilia. Nilihisi undugu naye, maana na mimi nilikuwa mji ule kwa kazi hiyohiyo ya kufuatilia.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mgeni wenu hasa ni risiti. Mimi ni mpagazi wake tu, naye mpagazi hapangiwi taulo. Tangu nilipofahamu hilo, mengine yote ya hoteli yenu yalijieleza yenyewe.

Chukulia meza. Kipeperushi chenu kinaahidi chumba chenye “meza ya kazi kwa wafanyabiashara”. Meza ipo, sikatai. Juu yake kuna runinga, birika la umeme, vikombe viwili na bakuli la matunda ya plastiki. Sehemu iliyobaki inatosha kuweka sahihi. Soketi ni moja, nyuma ya kitanda, na imekaliwa na friji. Ukitaka kuchaji kompyuta unachomoa friji, maji ya kunywa yanapata moto. Ukirudisha friji, kompyuta inazimika katikati ya ankara. Mtu wa kawaida angelalamika. Lakini risiti haina betri, haina haja ya kuandika chochote, na haijawahi kunywa maji. Kwa mgeni wa namna hiyo chumba kimekamilika.

Na historia haiwatetei. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Serikali ikaja kuhama kweli baada ya agizo la Rais Magufuli la mwaka 2016. Katikati hapo kuna miaka 43, muda wa kutosha kabisa kufunga soketi ya pili.

Kuhusu maji nitasema kwa tahadhari. Dodoma ni nyanda kame, mvua haijai sana kwenye kipimo, na mji umeishi miaka mingi kwa visima vya Mzakwe. Kwa hiyo kile kibandiko chenu cha bafuni, kinachoniomba niokoe mazingira kwa kulitumia tena taulo langu, nilikisoma kwa moyo safi. Ningelitumia tena kama ningekuwa nimelitumia mara ya kwanza. Bomba nalo lilikuwa linaokoa mazingira kwa bidii kunizidi, likitoa hewa tu hadi usiku wa manane. Asubuhi nilipofungua pazia nikaona maji yalikokuwa: yanarusharusha kwenye bustani, yakinywesha majani mabichi mliyoyaotesha kwa ajili ya washiriki wa semina kupigia picha ya pamoja.

Hao washiriki, ndugu Meneja, ndio wapangaji halali wa jengo lile. Ukumbi wao uko chini ya chumba changu, na tangu asubuhi nilikuwa nashiriki kwa masikio. Nilipigishwa makofi ya pasha, makofi ya kilo na mengine ambayo jina lake sikulipata. Kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimejengewa uwezo mara mbili, na nikichukua posho ya kikao itakuwa ni haki yangu. Mezani kwao kuna maji ya chupa, peremende na kalamu. Nilichungulia, nikaona hata soketi zipo, zimepangwa sakafuni kila baada ya viti viwili.

Kifungua kinywa chenu sitakisema vibaya. Supu ya ng'ombe ilikuwa na nyama, chapati zilikuwa za moto, na yule mama wa mayai anastahili kupandishwa cheo awe juu yako. Tatizo ni dogo tu: mlango wa bafe unafunguliwa saa 1:30 asubuhi, na ofisi za serikali zinafunguliwa saa 1:30 asubuhi. Mtu aliyekuja Dodoma kikazi inabidi achague kati ya supu na faili. Nimewatazama wenzangu wengi wakichagua supu, na sasa najua kwa nini foleni ya Mtumba huwa fupi asubuhi na kufurika saa tano.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hamkunipa jembe. Mlinipigia simu ya chumbani mkaniomba niachie chumba kabla ya saa nne, kwa kuwa kikao cha Bunge la Bajeti kinaanza na “kuna ugeni”. Nikauliza mimi ni nani basi. Upande wa pili wa simu ukanyamaza kwa uaminifu mkubwa. Nilipouliza kama naweza kubaki kwa bei mpya, niliyotajiwa ilikuwa imepanda kiasi kwamba nilishuka mwenyewe na begi. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, nilielezwa, bei ni ya Bunge. Wapiga kura tunakaribishwa tena Julai.

Nina ushauri mmoja, na nautoa kama mdau.

Zamani ilikuwa lazima kulala Dodoma. Basi kutoka Dar lilikula siku nzima, ukifika ofisi zimefungwa, ukaoga, ukalala, ukaamkia kazini. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inakimbia njia hiyo kwa muda usiofika hata nusu ya ule wa basi. Mtu anaweza kuondoka Dar alfajiri, akalitazama faili lake Mtumba, akaambiwa “njoo wiki ijayo”, na usiku akawa nyumbani kwake anakula na watoto. Sababu ya kulala imeondoka. Na bado vyumba vyenu vinajaa, kwa sababu anayerudi jioni hana risiti ya malazi, asiye na risiti ya malazi hana posho ya kulala, na asiye na posho ya kulala ataulizwa na mkewe safari ilikuwa ya nini.

Basi tuwaondolee watu usumbufu. Risiti isafiri peke yake. Mhasibu wetu ataipandisha treni Dar ikiwa na tiketi yake, mtaipokea stesheni kwa bango lenye jina, mtaipeleka chumbani, mtaiwashia runinga. Itakaa mezani bila kugombea nafasi na birika. Haitauliza maji wala taulo, na ugeni wa Bunge ukija mtaikunja. Ombi langu ni kwamba msiiweke karibu na dirisha: karatasi ya EFD huchapwa kwa joto, si kwa wino, na jua la Dodoma huifuta mapema. Ya kwangu ilifika Dar ikiwa nyeupe kabisa isipokuwa nembo, na mhasibu amenikata shilingi 141,600 kwenye mshahara, VAT ikiwemo.

Mimi nitafikia Nkuhungu kwa shemeji yangu. Soketi zake ni tatu, maji anayahifadhi kwenye ndoo na kila mtu anajua ndoo ipi ni yake, na asubuhi saa kumi na mbili uji uko tayari. Hatoi risiti.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpagazi wa Risiti, aliyekuwa chumba kilicho juu ya ukumbi wa semina.

Nakala: Mhasibu wetu, Dar es Salaam (aione na aihifadhi kivulini).
Mama wa mayai, jikoni (pongezi za kweli).