Mheshimiwa Mtetemo, Itifaki Imezingatiwa

Kwa miezi miwili nilikwenda kazini na kurudi na Mheshimiwa Mtetemo, Sharjah hadi Al Quoz, na leo, itifaki ikiwa imezingatiwa, naomba nimpe heshima yake. Wapo wanaojisifia magari yanayoteleza kama ngalawa kwenye maji yaliyolala. Waacheni. Gari la kimya halina la kukwambia.

Fadhila zake ndogondogo nizitaje mbiombio. Hufukuza usingizi. Hukanda mgongo bila kutoza hata dirhamu. Humnyamazisha abiria mwenye maneno mengi. Na katika Barabara ya Sheikh Zayed, ambako kamera hazina undugu na mtu, nikigusa kilomita 95 kwa saa usukani ulianza kucheza ngoma, nami nikarudi 80 mwenyewe kama mtoto aliyeona bakora.

Lakini fadhila yake kuu ni ukweli. Shahidi kama huyu mahakama hazijampata. Muulize anakaa wapi, atakutajia mtaa, nyumba na mlango. Akitikisa usukani, yuko magurudumu ya mbele. Akitikisa kiti na aliyekikalia, mtafute nyuma. Akitokea kati ya 80 na 110, ukizidisha akapungua, huyo kwa kawaida ni gurudumu lisilo na balansi. Akingoja mpaka ukanyage breki, ni diski, unene wake haulingani tena. Akija ukikanyaga mafuta na kuondoka ukiachia, kaulizie kwenye ekseli, jointi ya ndani. Na akitetema gari limesimama kwenye taa nyekundu, gia iko D, kisha akatulia ukiweka N, hapo ndipo pa kushuku maunti za injini. Hataki chai, habadilishi ushahidi. Angekuwa mtumishi wa umma angehamishwa wiki ya kwanza.

Shahidi huyo nikampeleka Al Quoz, eneo la viwanda, ambako gereji zimebanana katikati ya maghala, kambi za wafanyakazi na malori ya zege. Nikaeleza: usukani, kilomita 95, barabara tambarare. Fundi wa kwanza alifungua boneti sijamaliza sentensi.

“Bosi, mushkila maunti.”

Nikamwambia gari likisimama halitetemi.

“Maunti, bosi. Khalas.”

Maunti tatu, dirhamu 900. Mheshimiwa akanisindikiza mpaka nyumbani.

Wa pili aliona ekseli. Wa tatu aliona tairi, akaapa zimepita miaka mitano na kwenye ukaguzi zitaangushwa. Nikachuchumaa nikamsomea tarakimu nne za ubavuni: 1424, wiki ya 14 ya mwaka 2024. Akasema basi labda ni maunti.

Samahani, Mheshimiwa, nitoke kidogo kwenye itifaki. Dirhamu 900! Na ekseli juu yake! Barabara ya Al Khail iko pale nje, na hakuna hata mmoja wao aliyekaa kwenye kiti changu akaliendesha gari lile kilomita mbili. Huyo wa ekseli alilivua gurudumu lenyewe, akaliegemeza ukutani, ushahidi ukitazama ukuta, halafu akalirudisha.

Nimekuwa nikijiuliza kosa ni la nani, na jibu silipendi. Fundi hulipwa kwa kipuri alichofunga. Dakika ishirini za kusikiliza hazina mstari kwenye risiti, na zingeandikwa, mimi ningekuwa wa kwanza kugomba: nilipe nini, hujafunga kitu! Fundi akisema “sijui, ngoja niliendeshe kwanza,” tunamwona mwanagenzi. Anayetaja ugonjwa kabla ya kugusa gari ndiye tunayemkabidhi funguo, tena tunawapa na jamaa namba yake.

Aliyemsikiliza Mheshimiwa hakuwa fundi. Ni kijana wa Mombasa anayeosha magari chini ya jengo letu. Alikuwa amepiga magoti na tochi ya simu.

“Kaka, huku ndani ya rimu kuna simiti.”

Zege la lori fulani, lililorukia huko likakauka. Akalibandua kwa bisibisi. Nililipima kwenye mizani ya jikoni: gramu 60. Ni kidogo, lakini kwa kilomita 100 kwa saa gurudumu langu huzunguka kama mara 14 kila sekunde, na kila mzunguko gramu hizo 60 huvuta rimu kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 9. Hata mimi ningetetemeka.

Kijana alitaka dirhamu 20 zake za kuosha gari, basi.

Tangu siku hiyo usukani umetulia. Maunti tatu nilizovuliwa bado ziko kwenye buti. Mwenye kuzihitaji aje azichukue, ni nzima.